Baridi kwenye maji ya nyuzi 27: kisa cha suti iliyochaguliwa kwa kipimo cha juu

Kisa hiki ni cha safari moja ya kuzamia ya siku tano. Majina, mahali, boti na mwaka vimeondolewa, na mambo madogomadogo yasiyogusa hoja yamebadilishwa. Takwimu za kina, joto na hewa zimetoka kwenye kompyuta za kuzamia zinazovaliwa mkononi za wazamiaji wawili, yaani mhusika na mwenza wake, pamoja na daftari la kiongozi wao. Hakuna aliyeumia. Kinafaa kusomwa kwa sababu ni cha kawaida mno: kila uamuzi uliofanyika ulikuwa na sababu ya kueleweka, na bado siku tatu kati ya tano ziliharibika.

Usuli

Mhusika, nitamwita Mzamiaji, ni mwanamke mwembamba wa miaka arobaini na kitu. Alikuwa amezamia mara kama hamsini, karibu zote katika maji ya nyuzi 28 au 29 za Selsiasi, kwenye kina kisichozidi mita 15. Huko alivaa suti yake mwenyewe ya kuzamia ya neoprini (mpira wenye vitundu vya gesi) ya milimita 3, ndefu hadi vifundoni, na hakuwahi kulalamikia baridi. Suti ilikuwa na umri wa miaka sita, na kati ya safari na safari ilikaa imekunjwa chini ya mizigo mingine.

Mpango wa safari ulikuwa kuzamia mara tatu kwa siku: asubuhi ukutani, yaani kando ya genge la chini ya maji, kwenye mita 28 hadi 30, adhuhuri mita 18 hadi 20, alasiri mwambani mita 12 hadi 15. Maelezo waliyotumiwa wageni yalisema maji yana nyuzi 27, na yakashauri suti ya "milimita 3 hadi 5".

Namba hiyo ya 27 ilikuwa ya kweli, ila ilikuwa ya juu. Kuanzia mita 20 hivi kwenda chini palikuwa na tabaka ambapo joto hushuka ghafla, lile ambalo wazamiaji huliita termoklaini, na chini ya hapo kompyuta zilisoma nyuzi 22, siku nyingine 21. Vipimo vya joto la bahari vinavyotolewa kwa setilaiti husoma uso wa maji tu, na ndivyo vinavyonakiliwa kwenye matangazo mengi ya safari. Mpango mzima wa asubuhi ulikuwa chini ya tabaka ambalo tangazo halikulitaja.

Uamuzi wa kwanza: milimita 3

Mzamiaji alikuwa na nafasi ya kuazima suti ya milimita 5 kabla ya kuondoka, akaamua kubeba yake. Sababu zake, kama alivyozieleza baadaye, zilikuwa nne. Suti ilimkaa vizuri na aliizoea. Nyuzi 27 zilikuwa karibu na maji aliyoyajua. Suti nyembamba huhitaji risasi chache kiunoni, yaani vile vizito vya madini ya risasi vinavyomsaidia mzamiaji kushuka. Na kati ya "3 hadi 5", alisema, 3 ilikuwamo.

Ushauri wa namna hiyo hutolewa kwa nia njema, lakini humwachia mgeni kuchagua bila kumpa cha kuchagulia. Mtu mnene anayezamia mara moja kwa siku kwenye mita 12 na mtu mwembamba anayezamia mara tatu kuanzia mita 30 wote wamo ndani ya "3 hadi 5". Kila mmoja atachukua ile aliyo nayo kabatini.

Siku ya kwanza

Mzamio wa asubuhi: mita 29, dakika 48, joto la chini kabisa nyuzi 22. Mzamiaji alihisi ubaridi dakika kumi za mwisho. Alianza na hewa ya baa 200 (baa ni kipimo cha shinikizo la hewa mtungini) akamaliza na 50. Mwenza wake, mwenye mtungi wa ukubwa uleule na ambaye kwa kawaida hutumia hewa sawa naye, alibaki na 80. Hakuna aliyeitilia maanani tofauti hiyo.

Kati ya mizamio alikaa sitaha ya mbele, suti ameivua hadi kiunoni, upepo ukimpiga mgongoni. Jua lilikuwa kali, kwa hiyo hakujihisi ana baridi.

Alasiri ikatokea jambo lililomshangaza. Mzamio wa tatu ulikuwa wa mita 13, maji nyuzi 27 kamili kutoka juu hadi chini, na baridi ilimwanza dakika ya ishirini na tano, mapema kuliko asubuhi kwenye nyuzi 22. Alidhani kompyuta yake inasoma vibaya. Ya mwenza wake ilisoma vilevile.

Siku ya pili

Alivaa fulana ya pamba ndani ya suti. Ni dawa ambayo kila boti ina mtu wa kuishauri, na haifai. Pamba ikilowa haihifadhi joto lolote la maana, na hapa iliharibu hata kile kidogo kilichokuwapo: mikunjo ya fulana shingoni na kiunoni iliinua neoprini kutoka kwenye ngozi, na maji yakapata njia ya kuingia na kutoka.

Mwishoni mwa mzamio wa kwanza, waliposimama mita 5 kwa dakika tatu za usalama ili naitrojeni ipungue mwilini kabla ya kufika juu, kiongozi aliona anatetemeka na anashindwa kubana kishikio cha boya lake. Alimwashiria apande, na juu akamzuia kuzamia tena siku hiyo. "Dada, juu kuna joto, huko chini ni kwingine," alimwambia. "Vidole vikikataa kazi, tumemaliza."

Huo ndio uamuzi bora kabisa wa safari nzima, na ulifanywa bila kipimajoto. Vidole vilivyokufa ganzi ni alama ya kutegemewa kuliko neno la mzamiaji mwenyewe, maana karibu kila mtu akiulizwa kwa ishara kama yuko sawa hujibu yuko sawa.

Uamuzi wa pili: milimita 7

Jioni walifungua sanduku la suti za kuazima. Kwa saizi ya Mzamiaji hapakuwa na kitu kizuri cha haraka: palikuwa na milimita 5 moja iliyoonekana kumfaa, lakini zipu yake ilikuwa imeshika chumvi na haikufunga, na milimita 7 iliyozidi saizi yake kwa namba moja. Wakachukua ya 7. Hoja ilikuwa nyepesi: tatizo ni baridi, suti nene ni ya joto, basi nene kuliko zote.

Likaja suala la risasi. Kwa suti ya milimita 3 alizoea kilo 4. Kiongozi alikadiria kilo 8 kwa suti ya 7. Mzamiaji aliogopa, na hofu yake haikuwa ya kijinga: alijua neoprini hubanwa kwenye kina, na hakutaka kujikuta mita 29 kando ya ukuta usio na sakafu karibu, amebeba risasi za ziada huku suti haimsaidii tena kuelea. Walikubaliana kilo 6. Hawakuzijaribu majini.

Siku ya tatu

Kushuka kulikuwa shida. Mita tatu za kwanza alizipiga kichwa chini kwa nguvu ya mapezi. Dalili ilikuwa wazi hapo, kabla ya kitu chochote kuharibika, kwamba risasi hazitoshi. Lakini alipofika mita 8 suti ilikwisha kubanwa kidogo, kushuka kukawa rahisi, na wote wakaendelea.

Chini alikuta baridi ileile. Kila alipoinua mkono kuashiria au kugeuza shingo, maji mapya yaliingia kwenye kola, yakatelemka katikati ya mgongo na kukusanyika kwenye mfuko uliokuwa juu ya kiuno, ambapo suti haikugusa mwili. Maelezo yake kwenye daftari ni mafupi: "Suti nene, mgongo wa barafu."

Aliporudi mita 5 mtungi ulikuwa na baa 50. Alianza kuelea juu. Alitoa hewa yote kwenye jaketi la kuelea, akajikunja, akashika mwamba kwa sekunde chache. Mkono ulipoteleza alipanda hadi juu bila kukamilisha zile dakika tatu. Kompyuta haikuwa imedai kituo cha lazima, yaani kusimama njiani kusikoweza kurukwa. Kiongozi hakumrudisha chini. Alimweka kivulini, akamnywesha maji, akamwangalia kwa saa kadhaa na kumzuia kuzamia hadi kesho yake. Hakuonyesha dalili yoyote.

Uamuzi wa tatu: milimita 5, fulana yenye kofia, na jaribio

Safari hii walianza upande mwingine. Kiongozi aliloweka ile suti ya milimita 5 kwenye maji matamu, akaisugua zipu kwa nta hadi ikafunga. Kisha Mzamiaji aliivaa palepale sitahani na ikakaguliwa kabla ya mtu yeyote kuzungumzia joto. Kiunoni kwa nyuma, je, kuna mfuko? Kwapani panavutwa? Akichuchumaa na kusimama, shingo inavuta hewa ndani? Kola ilikaa. Mikono ilikuwa mirefu kidogo, lakini ilibana vifundoni, na hilo ndilo la maana. Ndani yake alivaa fulana ya neoprini ya milimita 2 yenye kofia iliyoshonwa humohumo, ya kuazima kwa mwenza.

Kofia ilimsumbua mwanzoni. Alihisi anakabwa, na kwenye mita 4 sikio la kulia lilikataa kusawazisha shinikizo. Mwenza alimwonyesha avute kofia kando ya sikio ili maji yaingie. Kofia inayobana inaweza kuziba tundu la sikio na kunasa hewa kwa nje, na hapo hata upulize pua vipi, tatizo halipo upande huo.

Risasi zilijaribiwa mara mbili. Kwanza juu ya maji, mtungi ukiwa umejaa, jaketi tupu, pumzi ya kawaida: kwa kilo 5 alielea uso wote nje, kwa 6 maji yalimfika machoni. Wakaongeza kilo moja, kwa sababu hewa ina uzito. Mtungi wa lita 11 wenye baa 200 hubeba takriban lita 2,200 za hewa, kama kilo 2 na nusu. Ukifika baa 50, kilo 2 hivi zimekwisha kuvutwa na kutolewa. Sehemu ya upungufu huo hufidiwa na suti kubanwa kidogo kwenye mita 5, ndiyo maana waliongeza moja badala ya mbili. Jaribio la pili lilikuwa mwishoni mwa mzamio wa mita 10 waliouweka makusudi asubuhi ya siku ya nne: baa 50, mita 5, jaketi tupu. Alitulia bila kushika kitu.

Matokeo

Mzamio wa ukutani siku ya nne ulikuwa wa mita 29, dakika 46, nyuzi 21, yaani maji ya baridi kuliko ya siku ya kwanza. Mzamiaji alihisi ubaridi mwepesi mikononi mwishoni, hakutetemeka, akamaliza na baa 75 dhidi ya 80 za mwenza. Alizamia tena adhuhuri na siku nzima ya tano bila shida ya baridi. Shida iliyobaki ilikuwa ya kinyume: akisubiri zamu ya kuruka majini amevaa kila kitu, jua lilimchemsha. Walimaliza hilo kwa kufunga zipu mwisho kabisa na kumwagiwa ndoo ya maji.

Uchambuzi: kwa nini 27 ilidanganya

Mwili wa mtu aliyetulia bila nguo hubaki na joto lake kwenye maji ya nyuzi 33 hadi 35 hivi. Chini ya hapo unalipa. Maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa, kwa hiyo nyuzi 27 ambazo barazani ni siku nzuri, majini ni deni linaloanza dakika ya kwanza na kupanda polepole. Mtu mnene halisikii kwa saa nzima. Mwembamba, mwenye eneo kubwa la ngozi kwa kila kilo ya mwili, hulisikia mapema.

Na deni hilo haliishii juu. Hili ndilo linaloeleza alasiri ya siku ya kwanza. Joto la ngozi hurudi haraka juani, lakini joto la ndani huchukua saa kadhaa, na Mzamiaji alikuwa amekaa upepo ukikausha suti mgongoni mwake. Maji yanayokauka huchukua joto la kile yanachokaukia. Alipoingia mara ya tatu hakuwa mtu yuleyule wa asubuhi, hata kama maji yalikuwa ya joto zaidi. Suti iliyomtosha mzamio mmoja kwa siku nyumbani ilipimwa hapa kwa mizamio mitatu, na jibu likawa tofauti. Siku ya nne na ya tano alivua suti yote kila alipopanda, akajifuta, akavaa koti la kuzuia upepo. Naamini badiliko hilo lilichangia karibu sawa na suti yenyewe, ingawa halina milimita.

Uchambuzi: milimita za lebo ni za nchi kavu

Wazo la suti ya kulowa lilitokana na mwanafizikia Hugh Bradner wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1952, na kiini chake ni kwamba maji hayana haja ya kuzuiwa yasiingie. Kinachokinga ni gesi iliyonaswa kwenye vitundu vya neoprini, mpira uliogunduliwa kwenye maabara za DuPont mwaka 1930. Wengi hufundishwa kwamba ule utando wa maji ndani ya suti "hupashwa joto na mwili na kukukinga". Mwili huupasha kweli, lakini kwa gharama yake wenyewe. Kazi ya suti ni kuhakikisha utando huo unapashwa mara moja tu.

Ukielewa kwamba kinga ni gesi, mengine yanafuata. Kwenye mita 10 shinikizo ni mara mbili ya juu, kwenye mita 30 mara nne. Gesi huru ingebaki robo. Neoprini haishuki kiasi hicho kwa sababu mpira wenyewe haubanwi, lakini kwenye mita 29 suti ya milimita 3 imepoteza sehemu kubwa ya unene wake, na imeupoteza palepale ambapo maji ni baridi zaidi. Hesabu ya mzamio wa ukutani ilihitaji kufanywa kwa nyuzi 22 na suti iliyobanwa. Mzamiaji aliifanya kwa nyuzi 27 na unene wa lebo.

Halafu kuna umri. Vitundu vikibanwa na kuachiwa mara nyingi, au vikikaa chini ya mzigo, havirudi vilivyokuwa. Baada ya safari suti yake ya "milimita 3" ilipimwa kwa kipima-unene: mapajani ilikuwa karibu na 3, kifuani na magotini ilipungua hadi 2 na kidogo. Alikuwa amevaa suti ya milimita 2 sehemu anazohitaji kinga zaidi.

Uchambuzi: kukaa mwilini

Siku ya tatu ndiyo inayofundisha zaidi. Milimita 7 isiyokaa ilishindwa kumzidi joto yule aliyevaa 3 inayokaa. Maji yanayoingia shingoni na kutoka vifundoni ni mfano wa kupasha chumba joto huku mlango wazi: ukuta uwe mnene utakavyo. Ndiyo sababu suti zinazoitwa nusu-kavu, zenye mihuri laini mikononi, miguuni na shingoni, zinaweza kumtosha mtu pale ambapo suti ya kawaida ya unene uleule haimtoshi, na ndiyo sababu mtu mwenye umbo lisilolingana na saizi za kiwandani hufaidika na suti ya kushonewa kuliko na milimita za ziada.

Suti nene pia huficha kasoro. Ya milimita 3 ikiwa na mfuko mgongoni unauona kwenye kioo. Ya 7 ni ngumu, inasimama yenyewe, inaonekana imejaa mtu hata penye pengo.

Kuhusu kofia, ule usemi kwamba nusu ya joto hupotelea kichwani si kweli kwa mtu aliyezama mwili mzima. Kichwa ni sehemu ndogo ya ngozi yote. Hata hivyo mishipa ya ngozi ya kichwa haijifungi kwa baridi kama ya mikono na miguu, na kofia iliyoshonwa kwenye fulana huziba pia kola, ambayo ndiyo mlango mkubwa. Kwa uzito na bei ya usumbufu, ni nyongeza ninayoipendekeza kabla ya kupanda unene.

Uchambuzi: risasi, na hatari iliyosahaulika

Kosa la siku ya tatu halikuwa namba 6 wala 8. Lilikuwa kubadilisha suti bila kujipima upya majini. Hofu ya Mzamiaji kuhusu kuzama ukutani ilikuwa na msingi, lakini jibu lake liko kwenye jaketi: suti ikibanwa unaongeza hewa kidogo, ukipanda unaitoa. Upungufu wa risasi mita 5 ukiwa na mtungi mwepesi hauna jibu lolote zaidi ya kushika mwamba. Kati ya shida hizo mbili, ya kwanza inadhibitika. Na zote mbili hukua kadiri suti inavyoongezeka unene, jambo ambalo wanaosema "chukua nene tu" hulisahau.

Kupanda bila kusimama kulikuwa na uzito zaidi kwa sababu ya baridi yenyewe. Mwaka 2007 kitengo cha majaribio ya uzamiaji cha jeshi la wanamaji la Marekani kilitoa ripoti iliyoonyesha kuwa wazamiaji waliokuwa na joto chini na baridi wakati wa kupanda walipatwa na maradhi ya viputo vya naitrojeni mara nyingi zaidi kuliko waliokuwa na baridi chini na joto wakati wa kupanda. Maji yaliyohesabiwa ya joto yalikuwa takriban nyuzi 36. Yaliyohesabiwa ya baridi, takriban 27. Yalikuwa majaribio ya mizamio mizito yenye vituo virefu vya lazima, tofauti na huu, lakini mwelekeo ni uleule: damu ikipungua kwenye viungo vilivyopoa, naitrojeni iliyoingia wakati wa joto hutoka polepole. Mzamiaji anayefika mita 5 akitetemeka yuko pale pabaya, na ndipo anapohitaji risasi za kumshikilia.

Kipimo cha hewa nacho kilikuwa kimesema mapema. Tofauti ya baa 30 na mwenza wake siku ya kwanza ingeweza kuwa na sababu nyingine, lakini mwili unaopambana na baridi huvuta hewa zaidi, na kwa watu wawili wanaotumia sawa siku zote, swali la kwanza lilipaswa kuwa kuhusu joto.

Ungechaguaje?

Kwa suti mpya inayokaa na mzamiaji wa wastani, vipimo vinavyotumika sana ni hivi: nyuzi 29 kwenda juu, fulana nyepesi au milimita 1 inatosha; 25 hadi 28, milimita 3; 21 hadi 24, milimita 5; 16 hadi 20, milimita 7 na kofia; chini ya hapo, nusu-kavu ya 7 pamoja na tabaka la ndani; na ikikaribia 10, suti kavu, isiyoingiza maji kabisa. Namba ya kuingiza humo ni ya chini kabisa utakayokaa nayo kwa muda, wala si ya juu ya maji. Ukigusa nyuzi 21 kwa dakika mbili na kurudi mita 12, haihesabiki. Ukikaa huko nusu saa, ndiyo namba yako.

Kisha panda ngazi moja kama wewe ni mwembamba, kama utazamia mara tatu kwa siku kwa siku nyingi, kama suti ni ya zamani, au kama kazi yako chini ni kukaa tuli, mfano mpiga picha. Shuka ngazi kama unaogelea sana kwenye mkondo na huwa hupati baridi. Mzamiaji wetu alikuwa na sababu tatu za kupanda na hakuwa na hata moja ya kushuka. Kwa nyuzi 22 jedwali lilimpa 5. Marekebisho yalimpeleka kati ya 5 na 7. Milimita 5 pamoja na fulana ya 2 kifuani ni 7 pale inapohitajika na 5 viungoni, ambako unene huchosha. Walifika hapo kwa kubahatisha kiasi, lakini ndipo hesabu ingewafikisha.

Mipaka ya kisa hiki

Siku ya nne vilibadilika vitu vinne kwa pamoja: unene, namna suti inavyokaa, kofia, na mapumziko ya kati. Hakuna njia ya kugawa sifa kwa uhakika kati yao. Ushahidi wa siku ya tatu unaonyesha kuwa unene peke yake hautoshi; hauonyeshi kwamba kofia peke yake kwenye suti yake ya zamani isingetosha. Mwenza wake aliyemaliza safari nzima kwa milimita 5 isiyo na kofia ana kilo kama ishirini zaidi yake, kwa hiyo hafai kuwa kipimo. Mzamiaji amenunua fulana ya kofia kwanza, na anapanga kuijaribu chini ya ile suti ya miaka sita kwenye maji ya nyuzi 25 kabla ya kuamua kama anahitaji suti mpya.